Meli ya Luxor hadi Aswan: kabla ya chumba, uliza saa za kushuka

Ukiwa Kisumu au Nakuru ukaulizia safari ya meli ya kifahari kwenye mto Nile, Misri, kwanza utaletewa picha: kitanda kikubwa, bwawa la kuogelea juu ya sitaha, meza iliyojaa vyakula. Vyote ni vizuri, na kati ya meli za bei ya juu havitofautiani sana. Kinachotofautiana ni ziara za nchi kavu: utafikishwa mlangoni pa kila hekalu saa ngapi, utaachiwa muda gani ndani, na mtasimamishwa kwenye maduka mangapi njiani. Hekalu la Edfu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na hekalu lilelile saa tatu ni ziara mbili tofauti. Kwa hiyo ukiomba ratiba, omba ile iliyoandikwa saa. Wakala atakayekutumia karatasi inayosema tu "siku ya tatu, Edfu na Kom Ombo" bado hajakuambia unanunua nini.

Tatizo lenyewe ni la mto. Njia ni moja, magati ni yaleyale, na meli nyingi huondoka Luxor na Aswan siku zinazofanana. Zikifika mahali hufika kwa kundi, na zinafungwa ubavu kwa ubavu, tatu, nne au zaidi kwenye gati moja. Ili ukanyage ardhi unapita katika kumbi za mapokezi za meli za wenzako. Meli ikifungwa katikati, dirisha lako ulilolipia kwa ajili ya mandhari linatazamana na dirisha la jirani, pengine usiku kucha. Kampuni chache zina magati yao wenyewe. Hilo ni swali la kuuliza kabla ya kulipa, na kwangu lina uzito kuliko ukubwa wa chumba. Kabla ya kutoka, piga picha ya jina la meli yako na ya mlango wa gati. Meli hizi zinafanana sana, na ukirudi baada ya muda wa saa tatu huenda yako imesogezwa ikapisha nyingine.

Safari ya kawaida ni usiku nne kutoka Luxor kwenda Aswan, yaani kupanda mto, au usiku tatu kutoka Aswan kushuka Luxor. Umbali ni zaidi kidogo ya kilomita mia mbili. Chukua zile nne. Katika ratiba ya usiku tatu mambo ya Luxor hubanwa mwishoni, na Luxor ndiko kwenye mengi zaidi ya kuona.

Jambo la saa lisikuchanganye. Misri ilirudisha utaratibu wa kusogeza saa mwaka 2023, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba saa zao ni sawa na zetu, na miezi mingine wako nyuma yetu kwa saa moja. Tangazo la meli likisema 05:00, hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, na basi huondoka kweli saa hiyo.

Ng'ambo ya magharibi, Luxor

Hii ndiyo siku nzito kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Meli hufungwa ukingo wa mashariki, lakini Bonde la Wafalme, penye makaburi ya mafarao, liko magharibi. Kuna njia mbili za kuvuka: basi linalozunguka hadi daraja lililo kusini mwa mji, au motaboti inayokuvusha kwa dakika chache na kukuta gari likingoja upande wa pili. Motaboti inaokoa muda mwingi, na asubuhi muda huo ndio kivuli chako. Lango la bonde hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika saa hiyo unaingia makaburini ukiwa na nafasi ya kusimama na kutazama ukuta. Ukifika saa tatu unasukumwa na foleni.

Tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu kati ya yaliyofunguliwa siku hiyo. Kaburi la Tutankhamun, la Seti I, na lile la Ramses V na VI yana tiketi zao za ziada, na hizo hununuliwa chini, kwenye jengo la kuingilia. Ukishapandishwa na vigari vya umeme hadi makaburini ndipo ukabadilisha nia, utalazimika kurudi chini. Amua usiku uliotangulia.

Ukiwa na wazee au mtu mwenye magoti mabovu, anza na Ramses IV: mlango mpana, mteremko mpole, rangi nyingi. Ramses IX pia ni rahisi. La Ramses III ni refu na lina vyumba vidogo pembeni vinavyostahili muda. La Merenptah linashuka kwa kasi, na kila hatua ya kushuka utailipa ukipanda. La Thutmose III linaanza kwa ngazi ndefu ya chuma inayopanda jabali, kisha linateremka tena ndani. Ni zuri sana, lakini joto lake ni la kukaba, na mwenye pumu au shinikizo la damu aliache. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter tarehe 4 Novemba 1922, ni dogo, na vitu vyake vingi vilipelekwa Cairo. Mwili wake bado umo. Mwenye fedha za tiketi moja tu ya ziada atapata zaidi kwa Seti I: kaburi lenye urefu wa mita 137, lililochongwa na kupakwa rangi kwa ustadi ambao hayo mengine hayaufikii.

Waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani ya makaburi. Watakueleza nje, mbele ya picha, kisha utaingia peke yako. Sikiliza kwa makini pale nje, uliza ukutani kuna nini na upande upi, la sivyo utaona rangi tu. Mulika ya kamera imekatazwa na kuta haziguswi. Pumzi za watu peke yake zinaongeza unyevu unaodhuru rangi hizo.

Kisha ni hekalu la Hatshepsut, farao mwanamke, chini ya jabali la Deir el-Bahari. Linatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linalipiga usoni na jabali linarudisha joto. Kama kikundi chako ni kidogo, omba hekalu liwe la mwanzo na bonde lifuate, maana makaburini angalau unapata kivuli. Usipande moja kwa moja hadi juu kama wengi wafanyavyo. Kwenye ngazi ya kati, upande wa kusini, kuna michoro ya safari ya baharini kwenda nchi ya Punt: mashua, nyani, na miti ya uvumba iliyobebwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Wataalamu wengi huiweka Punt upande wa kusini wa Bahari Nyekundu na Pembe ya Afrika, kwa majirani zetu kabisa. Mtu wa Afrika Mashariki asiipite michoro hiyo bila kuitazama.

Baada ya hapo basi litasimama kwenye sanamu mbili za Memnon, zenye urefu wa mita kumi na nane hivi, zilizokuwa mbele ya hekalu la Amenhotep III. Dakika kumi na tano zinatosha. Halafu litataka kusimama kwenye "kiwanda" cha alabasta. Hapo unapoteza dakika arobaini, na mwongozaji kwa kawaida hupata fungu lake kwa kila kinachonunuliwa. Ukitaka kuepuka, iandikwe kwenye makubaliano kabla ya safari: hakuna vituo vya maduka. Kumwambia mkiwa ndani ya basi, mbele ya watu ishirini, ni kuchelewa.

Puto la hewa moto nalo huruka alfajiri kutoka ukingo huohuo wa magharibi. Mnachukuliwa kama saa kumi, na upepo ukizidi safari huahirishwa hapohapo. Panga kikundi kikuchukue mahali puto linapotua, usirudi melini kuvuka tena. Bima yako ya safari isomwe kwanza, maana nyingine haziingizi puto.

Ng'ambo ya mashariki kuna hekalu la Karnak, lenye ukumbi wa nguzo 134. Nenda mapema au alasiri inapoelekea jioni. Hekalu la Luxor liache liwe la usiku, taa zikiwa zimewashwa. Liko katikati ya mji, na juu ya kuta zake kuna msikiti wa Abu Haggag ambao bado unasaliwa. Mlangoni unaona mnara mmoja wa jiwe. Mwenzake alipelekwa Paris, ambako alisimamishwa mwaka 1836.

Esna, Edfu, Kom Ombo

Esna ni mahali pa kungoja. Kuna lango la maji linaloinua meli kutoka kina kimoja hadi kingine, na meli zinapita chache kwa zamu. Foleni inaweza kula saa nyingi, na meli inayochelewa hapa huchelewa Edfu pia. Ndiyo sababu saa zilizoandikwa kwenye ratiba huyumba kuanzia hapa. Wachuuzi huja na mitumbwi, wakirusha kanzu na vitambaa vya meza ndani ya mifuko hadi sitaha ya juu. Ukishika mfuko bila nia ya kununua, urudishe mara moja. Bei ya kwanza ni ya kuanzia tu, na aliyezoea soko la Kibuye, Kisumu, hahitaji mafunzo.

Kama meli inangoja, omba mshuke kuona hekalu la mungu Khnum. Ni mwendo mfupi kwa miguu, na liko mita tisa hivi chini ya barabara, kwa sababu mji uliendelea kujengwa juu ya mabaki. Katika miaka ya karibuni masizi yamesafishwa kwenye dari na nguzo, na rangi zilizotokea ni za kushangaza. Ratiba nyingi huliruka, na mimi naona ni kosa kubwa. Kwa watu wa Ziwa Victoria kuna la ziada: Wagiriki waliuita mji huu Latopolis kwa jina la samaki aliyeheshimiwa hapa, naye ni mbuta, yuleyule tunayemuona kwenye mizani ya wavuvi wa Dunga, Kisumu. Walimkausha na kumzika kama walivyofanya kwa paka na mamba. Kwetu aliletwa ziwani katika karne ya 20 tu, lakini kwenye Nile ni mwenyeji.

Edfu ndipo saa inapoamua kila kitu. Hekalu la mungu Horus, lililojengwa kati ya mwaka 237 na 57 kabla ya Kristo, ndilo lililobaki zima kuliko mengi ya Misri: mlango wa mita 36, dari lake lipo, vyumba vya ndani vina giza kama vilivyokusudiwa. Meli zote hutia nanga kwa pamoja, na abiria hupakiwa kwenye magari ya farasi. Gari hilo huwa limelipiwa ndani ya bei ya ziara, lakini mwendeshaji ataomba tena njiani. Kariri namba ya gari, maana hilohilo ndilo linalokurudisha, na nje ya hekalu yako mengi yanayoita kwa pamoja. Mpe bahshishi mkishafika gatini, usimpe katikati ya safari.

Sasa farasi. Wengi wao wamechoka, wengine wana vidonda chini ya hatamu, na kuchapwa ili warudi gatini haraka kuchukua abiria wengine ni jambo la kila siku. Usilipande gari la mnyama wa namna hiyo. Tuktuk zipo, na gari dogo hupatikana pia, lakini mwambie mwongozaji usiku uliotangulia. Asubuhi gatini hakuna atakayekusikiliza. Meli nyingi zikipata maombi ya namna hii kutoka kwa vyumba vingi, utaratibu utabadilika.

Kom Ombo ni rahisi: hekalu liko juu ya gati, hatua chache. Ni hekalu la miungu wawili, Sobek mwenye kichwa cha mamba na Horus mkubwa, na kila kitu kimejengwa mara mbili, milango miwili, vyumba vitakatifu viwili. Jioni ndiyo saa yake. Tiketi inakuingiza pia kwenye jumba la makumbusho ya mamba waliokaushwa. Hakikisha hamlifikii likiwa limekaribia kufungwa.

Kama unaweza kulipia zaidi, kuna dahabiya: jahazi la matanga mawili lenye vyumba vichache tu, ambalo kwa kawaida huanzia Esna na hivyo kukwepa foleni ya lango. Hutia nanga mahali meli kubwa haziwezi, kama machimbo ya mawe ya Gebel el-Silsila na makaburi ya El Kab, na mnaweza kuwa huko peke yenu. Kwa ziara za nchi kavu sijui chaguo bora kuliko hili.

Aswan na Abu Simbel

Bwawa kuu lilijengwa kati ya 1960 na 1970. Lina urefu wa mita 3,830 na kimo cha mita 111. Letu la Turkwel limelishinda kwa kimo, mita 153, lakini hilo la Aswan limezuia ziwa linaloingia hadi Sudan. Utasimama juu yake dakika ishirini, na zinatosha. Jiwe la obeliski lisilokamilika, mnara kama ule wa mlangoni Luxor, liko machimboni, mita 42 hivi, likaachwa kwa sababu lilipata ufa. Vaa viatu vya kushika, maana granaiti imelainishwa na miguu ya watu.

Philae ndiyo ya kuipa muda. Maji ya mabwawa yalipoifunika, hekalu la Isis lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kwenye kisiwa cha Agilkia, na likafunguliwa 1980. Huko ndiko yaliko maandishi ya mwisho ya hieroglifu, yale ya picha ya Kimisri cha kale, yenye tarehe, 24 Agosti 394. Unafika kwa motaboti kutoka Shellal. Hakikisha nauli ya boti imo ndani ya bei, kwa kwenda na kurudi.

Matembezi ya feluka, mashua ndogo ya tanga, yanategemea upepo. Upepo wa kawaida hutoka kaskazini, na usipovuma mtavutwa na motaboti yenye kelele, kwa hiyo alasiri ni bora. Kijiji cha Wanubi hupewa sura ya maonyesho, mamba ndani ya karai na ngamia wa kupanda. Ukitaka mazungumzo ya kweli, omba chai au karkade, kinywaji cha maua ya rosela, nyumbani kwa mtu, ulipe vizuri, uulize kuhusu vijiji vilivyozama. Makumi ya maelfu ya Wanubi walihamishwa miaka ya 1960 kwa ajili ya bwawa hilo, na wazee wanakumbuka.

Abu Simbel huwa nje ya bei ya kawaida. Ni kilomita 280 hivi kusini, mwendo wa saa tatu hadi tatu na nusu kila upande, mkiondoka kama saa kumi alfajiri na kifurushi cha kifungua kinywa. Mnapata kama saa mbili mahali penyewe. Mahekalu yote mawili, la Ramses II na la mkewe Nefertari, yalikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu zaidi kati ya 1964 na 1968. Ingia kwanza, picha za nje baadaye, maana mabasi hufika kwa pamoja na ndani hujaa kwanza. Mwenye mgongo mbaya aulize ndege kutoka Aswan. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua la asubuhi huingia hadi chumba cha ndani kabisa, na umati siku hizo ni mkubwa mno. Nenda siku nyingine.

Fedha na mwili

Shilingi yetu haibadilishwi huko. Beba dola safi zisizochanika, ubadilishe kidogo kidogo. Madirisha mengi ya tiketi sasa hupokea kadi tu, na kadi ya M-Pesa ya kulipia mtandaoni haitoshi. Unahitaji kadi ya benki ya kushika mkononi, na benki ijulishwe unakokwenda. Pauni za Misri za noti ndogo ziwe mfukoni kila siku kwa choo na bahshishi. Bahshishi ya wafanyakazi wa meli hukusanywa mwishoni: uliza kiasi kinachotarajiwa kabla ya kusafiri ili kisikushtue.

Desemba ndiyo Wakenya wengi husafiri, na ndiyo bei hupanda na foleni hurefuka. Novemba au Februari ni bora. Agosti, likizo ya watoto, Aswan hupita nyuzi 40. Joto lake si la Kisumu: hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anaishiwa maji akidhani hajatoka jasho. Kunywa kabla ya kiu, ubebe pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya. Alfajiri za Januari ni baridi, sweta ya Nakuru itafaa. Chukua leso mbili: moja ya kichwa na mabega msikitini, nyingine ya vumbi na ya kukalia mawe. Mwezi wa Ramadhani saa za kufungua hupunguzwa, hakikisha mapema.

Usitumbukize miguu mtoni. Kichocho kipo, kama ziwani.

Cheti cha homa ya manjano kinatakiwa kwa anayetoka Kenya, na chanjo ipigwe angalau siku kumi kabla ya kuingia. Viza ishughulikiwe mapema kupitia ubalozi wa Misri Nairobi. Kisha kuna hili ambalo mawakala hawalisemi: Misri ilitangazwa na WHO kuwa haina malaria mwaka 2024. Mtu wa Kisumu, Busia au Siaya akipata homa melini, daktari wa huko anaweza kufikiria kiharusi cha joto au tumbo, huku vimelea amekuja navyo kutoka nyumbani. Mwambie waziwazi unatoka eneo la malaria na udai upimwe damu siku hiyohiyo.

Siku ya kutoka, vyumba hukabidhiwa mapema asubuhi, mara nyingi kabla ya saa mbili, na ndege ya Cairo inaweza kuwa ya jioni. Uliza mapokezi wakutunzie mizigo, ukae Aswan kwenye makumbusho ya Wanubi, ambayo yana kivuli, yana viti, na hayamo katika ratiba nyingi.